Safari ya Mwezini Itajadiliwa Chini ya Mengineyo

Jumatatu, 1 Juni 1931

Siku kubwa! Roketi imekamilika!

Nimefungua daftari jipya kwa heshima yake. Lile la zamani limejaa, halafu lina doa la kabichi. Historia itakuja kulisoma hili siku moja, kwa hiyo nianze vizuri. Balduin Zwirner, fundi miavuli, Mtaa wa Kanisa, mjini Krähenau. Miaka arobaini na mitatu. Afya njema, ukiacha goti la kushoto. Katibu wa Chama cha Safari za Mwezini. Wanachama saba, kwa sababu sheria inataka saba ndipo chama kiandikishwe, na hapa kwetu mtu mwenye heshima zake hafanyi jambo lolote bila chama kilichoandikishwa, hata kucheza karata.

Aliyeiunda ni fundi bomba Wuttke, miaka miwili, kwenye karakana yake. Inanipita urefu kwa kichwa kizima. Shaba tupu, inang'aa! Nimeishika kwa mikono miwili. Machozi yakanitoka. Wuttke alinipa tambara la grisi nijifute, nikarudi nyumbani na uso mweusi.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Tangu nina miaka sita nautazama mwezi na nautaka. Wengine wanautazama tu wakahema. Mimi nataka kufika. Sijapata kumwambia mtu. Hedwig, mke wangu, anajua, lakini yeye anajua kila kitu.

Nuksi ni moja tu: Mwenyekiti. Mfamasia Pfannschmidt! Kakalia kile kiti kwa sababu spiriti ya kuchomea roketi inatoka dukani kwake, basi. Na Ibara ya 12 ya katiba yetu inasema Mwenyekiti ndiye atakayebonyeza kitufe cha kurushia. Ibara hiyo niliiandika mwenyewe. Nilidhani Mwenyekiti nitakuwa mimi.

Jumanne, 2 Juni

Meya kaamua! Ule uwanja wa kiwanda cha matofali kilichokufa, nje ya mji, umeombwa na vyama viwili: sisi, na Chama cha Wafuga Njiwa. Na mwenyekiti wa njiwa ni nani? Traugott Nickel, mwoka mikate, kaka yake Hedwig. Shemeji yangu! Adui ninayekula naye meza moja!

Basi tushindane, kasema Meya. Jumapili ya tarehe 14, saa tano asubuhi. Ataandika barua mbili palepale uwanjani. Moja itabebwa na roketi mpaka malisho ya bata bukini nyuma ya posta, nyingine itafungwa mguuni mwa njiwa, arudi nayo kwao, kisha ipelekwe posta. Itakayotangulia kufika posta ndiyo itakayokipatia chama chake uwanja.

Tukishindwa, kwisha kazi. Mjini haturuhusiwi kuwasha hata kiberiti tangu Aprili, tulipounguza mashuka ya watawa yaliyokuwa yameanikwa. Hakuna uwanja, hakuna roketi. Hakuna roketi, hakuna mwezi.

Traugott alipita dukani makusudi ili anicheke. Eti, shemeji, njiwa wangu Adelheid anakula punje kumi tu na njia anaijua, je, hilo bomba lenu njia linaijua? Nikamwambia sayansi haijibizani na maandazi. Hedwig akaangua kicheko. Sikuelewa alikuwa anamcheka nani.

Alhamisi, 4 Juni

Kikao, baa ya Dubu Mweusi, chumba cha nyuma. Akidi imetimia. Kikao kizuri sana! Saa tatu nzima!

Tulijadili jina la roketi. Pfannschmidt anataka iitwe Egon. Jina lake mwenyewe, hana hata haya! Nikapendekeza Balduin, kwa sababu linatamkika vizuri kwa mbali. Kura: wakwe zake wawili wakampigia yeye, kama mbwa waliofunzwa. Kinyozi Lampe na Kunze mpiga kengele wa kanisa wakanipigia mimi, kama marafiki wa kweli. Tatu kwa tatu. Wuttke hakupiga kura. Alikuwa anachora valvu kwenye kitambaa cha meza.

Halafu Wuttke akanyoosha mkono! Mara ya kwanza katika miaka miwili! Akasema kuna jambo moja la kuzingatia. Oksijeni itakuja kwa treni ya saa nne kutoka jijini, imepozwa mpaka imekuwa maji, ndani ya chupa kubwa ya kuta mbili kama chupa ya chai. Hayo maji yanachemka muda wote, hata kwenye baridi. Ukishayatia kwenye roketi, una dakika kumi. Kumi na tano ukiwa na bahati. Baada ya hapo yamepaa yenyewe na roketi imebaki chini.

Pfannschmidt akamshukuru. Nami nikaandika kwa mwandiko mzuri: Hoja ya Bwana Wuttke imepokelewa, itajadiliwa chini ya Mengineyo.

Hatukufika Mengineyo. Hatujawahi kufika Mengineyo.

Jumamosi, 6 Juni

Mpango! Kura ya Wuttke ndiyo ufunguo. Nikiipata, mimi Mwenyekiti, na kidole changu ndicho kitakachobonyeza!

Nilimpelekea keki ya stroberi ya Hedwig, nzima. Wuttke akaila yote akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye mrija. Nikamweleza kwa upole kwamba chama kinahitaji uongozi wenye maono. Akauliza kama Mwenyekiti anaweza kushika spana. Nikashika spana. Akaniambia nimeishika kichwa chini.

Hapo Hedwig akatokea, kaja kudai sahani yake. Akauliza huu mrija unapitisha nini, na huu je, na kwa nini wa oksijeni una barafu nje. Wuttke akamjibu! Akaongea nusu saa! Mimi kwa miaka miwili sijapata maneno arobaini kutoka kwa mtu yule. Hedwig akashika faneli, akashika na spana, tena vizuri.

Njiani nikapata wazo lingine. Hedwig awe mwanachama wa nane! Kura yake yangu! Nikampa heshima hiyo palepale barabarani. Akasema kuliko kukaa kwenye vikao vyetu bora afue. Halafu akaniambia: "Balduin, hiyo roketi ina mdomo mmoja na unatazama chini. Ninyi mna saba na yote inatazama juu." Mwanamke huyu angefika mbali kama angekuwa na nidhamu ya vikao.

Jumatatu, 8 Juni

Mpango wa pili, na huu ni wa siri kuu. Njiwa!

Njiwa anarudi anapolishwa. Basi nitamlisha mimi. Nimeweka njegere dirishani kwangu, na dengu, na mbegu za alizeti. Siku ya Jumapili Adelheid ataachiwa uwanjani, atakuja dirishani kwangu badala ya kwa Traugott, atakaa hapo anakula, na barua ya Meya itakaa naye. Nani atajua? Hakuna! Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka.

Jumatano, 10 Juni

Adelheid kaja! Kala! Kanyea mwavuli wa mke wa Meya, lakini nimeufuta.

Traugott analalamika mji mzima kwamba njiwa wake kanenepa na hajui kwa nini. Nilimpa pole. Uso wangu ulikuwa mkavu kabisa, hata mimi nilijistaajabia.

Na leo nimeipata ile silaha kubwa. Nilikuwa naisoma katiba kabla ya kulala mchana, kama kawaida yangu, nikafika Ibara ya 14: Hakuna tukio la hadhara litakalofanywa na chama kabla ya mkutano mkuu kufunguliwa papo hapo mahali pa tukio. Papo hapo! Uwanjani! Mbele ya Meya na mji mzima! Hapo nitatoa hoja ya kutokuwa na imani na Mwenyekiti, na Wuttke hatakuwa na kitambaa cha meza cha kuchorea. Itabidi apige kura.

Nilimsomea Hedwig kwa sauti. Akauliza, na ile oksijeni itasubiri? Nikamwambia hilo ni suala la kiufundi. Akarudi kwenye viazi vyake.

Ijumaa, 12 Juni

Jaribio la parachuti. Kazi yangu mwenyewe! Hariri nyeusi, vipande kumi na viwili, mshono wa mara mbili, ndiyo mishono bora niliyopata kushona maishani mwangu. Kunze akatupandisha juu ya mnara wa kanisa pamoja na gunia la viazi. Tukaliachia.

Parachuti ilifunguka vizuri ajabu. Ilichelewa kidogo tu: gunia lilikuwa limeshapita kwenye kibao cha duka la dawa. Pfannschmidt akatoka nje akiwa na kiazi mkononi, akadai nilifanya makusudi. Nikamwambia mwezini hakuna vibao. Wuttke alikaza springi kidogo, akasema sasa itafunguka.

Kesho kutwa! Sikai, situlii.

Jumapili, 14 Juni

Naandika nikiwa na bandeji kidoleni na moyo wangu haujui ushike lipi. Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi, jua! Mji wote uwanjani, tarumbeta za zimamoto, soseji. Meya na kofia ndefu. Traugott na kikapu chake, Adelheid ndani, mnene kama kuku. Hedwig alibaki nyumbani, alisema ana nguo za kufua. Treni ya saa nne ikaleta chupa ya oksijeni, Wuttke akaipakata kwenye mkokoteni kama mtoto mchanga. Ilipofika saa tano kasorobo roketi imesimama, barua ya Meya imo tumboni, parachuti yangu imo kichwani. Wuttke akamimina. Moshi mweupe ukatambaa chini, umati ukafanya "Aaaa!" Na mimi pia nikafanya "Aaaa!"

Wuttke akasema: "Tayari. Bonyeza."

Pfannschmidt akanyoosha kidole.

"Kuhusu utaratibu, Bwana Mwenyekiti!"

Ni mimi huyo! Sauti yangu ilifika mpaka kwenye soseji. Nikasoma Ibara ya 14. Pfannschmidt akageuka zambarau, lakini angefanya nini? Katiba ni katiba. Mkutano mkuu ukafunguliwa kwenye nyasi. Akidi: wote saba. Wuttke alihesabiwa akiwa anazunguka roketi mbio mbio, mikono kichwani.

Kwanza, kuthibitisha ajenda. Mkwe mmoja akapinga mpangilio wa ajenda, kwa hiyo tukapigia kura mpangilio. Pili, kumbukumbu za kikao kilichopita. Nikasoma zote, kurasa tisa, maana kuruka ukurasa ni kinyume cha Ibara ya 20. Wuttke akaja kuninong'oneza imebaki nusu. Nikamwomba apitishe hoja yake kwa Mwenyekiti.

Tatu, Yatokanayo. Hapa Meya akatoa saa mfukoni, akasema yeye ana chakula cha mchana, na njiwa hana katiba. Akamruhusu Traugott. Adelheid akaruka! Alipaa kwa shida, tumbo linambana, lakini akaelekea mjini. Mimi moyoni: nenda, mama, nenda kwenye njegere zako.

Tulikuwa bado kwenye Yatokanayo mhudumu wa posta alipofika kwa baiskeli, jasho linamtiririka, akampa Meya stakabadhi. Barua imefika! Iliwezekanaje? Ndiyo hivi: Adelheid alitua dirishani kwangu kama nilivyomfunza. Hedwig alikuwa anaanika. Akaona barua mguuni, akaisoma anwani, akajifuta mikono, akavuka barabara akaipeleka posta. Posta iko mkabala na duka langu! Kutoka kwa Traugott ingelazimika kupita mji mzima. Nimempunguzia njiwa safari.

Umati ukampigia Traugott makofi. Uwanja umekwenda. Lakini mimi nilikuwa bado na ajenda namba nne, na mtu haachi mkutano katikati.

Ajenda namba nne: kutokuwa na imani. Nikatoa hoja. Lampe akaunga mkono. Mjadala. Pfannschmidt akajitetea kwa hoja sita. Mkwe wa pili akaomba kura iwe ya siri, tukatafuta kofia. Wuttke akapiga magoti mbele yetu. Magoti, kweli kabisa! Akasema: "Imebaki kikombe kimoja. Ndugu zangu, nawaomba. Nampigia yeyote, ili mradi mtu abonyeze!" Nikamuuliza kwa utaratibu: yeyote ni nani? Akasema: "Wewe! Wewe! Bonyeza!"

Nne kwa tatu!

Mwenyekiti! Mimi! Nikamshukuru kila mjumbe kwa jina. Niligusia kidogo safari ya mwanadamu tangu atoke pangoni. Kisha nikabonyeza kitufe kwa kidole hiki hiki.

Roketi ikakohoa. Ikapanda mpaka usawa wa magoti yangu. Ikafikiri. Ikakaa tena chini, ikaegemea upande, ikalala. Halafu parachuti ikafyatuka, ikamfunika Meya na kofia yake yote. Ilifunguka vizuri sana. Nilipokimbia kumfunua nikashika bomba la moto, ndiyo hii bandeji.

Wuttke alikuwa ameketi kwenye tofali, kajifunika uso. Nilimwendea, nikamwambia asijali, jambo lake la dakika kumi nalikumbuka na bado liko kwenye kumbukumbu, chini ya Mengineyo.

Jumanne, 16 Juni

Nimekuwa mtu wa kujifungia. Nimeuza mwavuli mmoja, tena wa mtoto.

Lakini mimi ni Mwenyekiti! Nimeagiza mihuri mipya. Uwanja ni wa njiwa, roketi imerudi karakana, Meya hataki hata kutusikia, sawa. Chama makini hufanya nini baada ya pigo? Huunda tume ya uchunguzi! Jumamosi, saa tisa alasiri, Dubu Mweusi. Swali: kwa nini roketi haikuruka? Nina shaka na spiriti ya Pfannschmidt.

Adelheid amehamia. Traugott kaja mara mbili kumchukua, mara mbili kabla ya saa moja alikuwa amerudi dirishani. Traugott ananiangalia kwa jicho la upande. Eti, shemeji, huyu ulimpa nini? Nikasema njiwa hupenda utulivu.

Alhamisi, 18 Juni

Wuttke ameniletea barua mwenyewe, mkononi. Bahasha ya kahawia, alama ya dole gumba la grisi, imeandikwa Kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti! Nilisikia joto mwilini. Alisimama mlangoni anangojea niifungue. Nikamweleza kwamba barua za chama hufunguliwa kikaoni mbele ya wajumbe, ajenda namba nane, Barua Zilizopokelewa. Ibara ya 31. Ningeifungua dukani, Pfannschmidt angeniangusha kwa hilo.

Wuttke akaenda zake. Baadaye nilimwona akiongea na Hedwig karibu na pampu. Naye Hedwig akavua aproni akaenda kwa kaka yake. Mambo ya ndugu, sikuuliza.

Jumamosi, 20 Juni

Asubuhi Hedwig aliniuliza mara tatu kama kikao ni lazima. Nikamwambia tume haiahirishwi. Akasema mchana atakuwa uwanjani, karibu na njiwa wa Traugott, na kwamba ingekuwa vizuri nami nikawepo, Balduin, ingekuwa vizuri sana. Nikambusu kwenye paji la uso, nikachukua kengele yangu.

Tume ilifunguliwa saa tisa kamili. Wajumbe sita. Wuttke hakuwepo, hakuomba udhuru, nikaliandika hilo kwa wino mwekundu. Tulikwenda vizuri. Saa kumi hivi tulikuwa kwenye ajenda namba tano, tafsiri ya neno "kuruka", Pfannschmidt akishikilia kwamba usawa wa magoti ni kuruka na mimi nikisema si kuruka. Mjadala mkali! Damu inachemka!

Ghafla, ngurumo. Nje. Kubwa, ndefu, ikaja kutoka upande wa uwanja, ikapita juu ya paa, glasi zikacheza mezani. Lampe akanyanyuka. Kunze akawa tayari yuko dirishani. Watu walikuwa wanapiga kelele barabarani, sijui wanasema nini.

Nikapiga kengele. Nikamwambia Kunze arudi kitini. Nikaagiza dirisha lifungwe na pazia lishushwe, kwa sababu wajumbe walikuwa hawasikilizani.

Wakafunga. Tukaendelea na neno "kuruka".

Tulifika ajenda namba nane saa kumi na moja na nusu. Nikafungua bahasha. Naiandika hapa neno kwa neno: "Jumamosi saa kumi. Uwanjani. Traugott kakubali. Oksijeni ipo. Hatutaongea. Njoo ubonyeze wewe. Wuttke."

Nilikaa. Lampe akaniuliza kama barua inahitaji majibu.

Nilikimbia, goti na yote. Malishoni nyuma ya posta watu wamejaa. Katikati ya bata bukini, roketi yetu imelala, bado ya moto, na juu yake hariri yangu nyeusi. Wuttke alikuwa anacheka. Sikuwahi kujua kwamba ana meno. Traugott alikuwa ananikumbatia, unga mashavuni, anapiga kelele, shemeji, shemeji, umeiona? Juu kuliko mnara! Mara tatu ya mnara! Umeiona?

Nikasema ndiyo.

Nyumbani nikamwomba Hedwig anieleze. Akaniketisha. Akasema walingoja mpaka saa kumi na dakika saba, Wuttke akitazama barabara. Halafu Wuttke akamwambia yeye, Hedwig, abonyeze. Akabonyeza. Akasema mwanzo ni mshindo wa kifua, halafu si kifua tena, ni mwanga, unapanda na huamini unapanda. Kule juu ikatulia kidogo. Akasema: "Halafu mwavuli wako ukafunguka, Balduin. Wote, mara moja. Ukashuka polepole mno. Nililia."

Nikamwomba arudie hapo pa mwavuli. Akarudia. Nikamwomba tena, akarudia tena.

Jumapili, 21 Juni

Nimeamka mtu mpya! Sikulala, lakini nimeamka!

Iliruka! Roketi yetu iliruka na hariri yangu ikafunguka! Nimelia, nimenawa uso, nimekula mayai manne. Meya mwenyewe kapita dukani kasema aliiona kutoka kitandani kwake, na Traugott anatupa uwanja kila Jumapili asubuhi, njiwa wakiwa wamefungiwa. Wuttke ataleta oksijeni nyingine. Jumapili ijayo, treni ya saa nne. Amesema nitabonyeza mimi, anachoomba ni kitu kimoja tu.

Hedwig kanishika mikono yote miwili. Akasema, niahidi, Balduin. Hakuna kikao. Nikamwahidi. Nikaapa mbele ya mke wangu na mbele ya Adelheid! Nimejifunza. Roketi haina subira, na mwaka huu sitaikosa tena, hata mbingu zianguke. Tutafika, tutabonyeza, tutatazama juu. Basi!

Kutakuwa na maneno mawili matatu ya kukaribisha, hicho si kikao.

Sasa, maneno ya kukaribisha hayawezi kwenda hovyo hovyo mbele ya Meya, kwa hiyo nimeyaandikia orodha fupi. Kufungua. Udhuru. Kumbukumbu za tume, kurasa kumi na moja tu, wakisikiliza vizuri haziumi. Yatokanayo. Kuhalalisha urushaji wa tarehe 20, ambao kikatiba haukutokea kwa kuwa akidi haikutimia, na ninataka uwe umetokea. Jina la roketi. Pongezi kwa Hedwig, ambaye kwa kubonyeza bila kuwa mwanachama amevunja Ibara ya 12, lakini tutamsamehe kwa kura. Imefika namba kumi na moja bila hata kujikaza.

Namba kumi na mbili ilikuwa kurusha roketi. Nikaitazama kwa muda. Ikionekana pale kwenye ajenda, watu watakuwa wanaifikiria hiyo tu na hawatasikiliza zile kumi na moja, na haraka haraka ndiyo inayoharibu. Kwa hiyo nimeiondoa pale na kuiweka mahali pazuri, pa nafasi, ambapo hakuna atakayeibana.

Nimeiweka chini ya Mengineyo.